Linux ao FreeBSD, gani inaenda mbio zaidi? Tuulize kwanza walipima namna gani

Najua wengi mukiona hiki kichwa mutasema ni mambo ya watu wa informatike, mutapitisha kidole na kuenda mbele. Mungojee kidogo, zaidi sana wale wa agronomia, juu nitaleta shamba hapa ndani.

Kati ya wanafunzi wenye wanapenda ordinatere kuko ubishi wenye hauishi: sisteme gani inaenda mbio kupita zingine? Mumoja analeta grafike, Linux iko juu. Mwengine analeta yake, FreeBSD iko juu. Wa tatu, mwenye MacBook, anawacheka wote wawili. Kila mutu ana grafike yake, na zile namba zilipimwa kweli, hakuna mwenye alizitunga usiku. Sasa mwongo ni nani?

Mara mingi hakuna mwongo. Kuko mutu mwenye alipima kitu kimoja, kisha akakipa jina la kitu kingine. Na ule ugonjwa sisi wa agronomia tunaujua muzuri, juu tunaupata kila saison mu majaribio ya aina za maharagi na mihogo.

Tuweke kwanza majina mu mstari. Unix ilianza 1969 huko Marekani, mu Bell Labs, kwa mikono ya Ken Thompson na Dennis Ritchie. Ikazaa ukoo mukubwa. Kuko tawi la BSD, lenye lilikomalia ku iniversite ya Berkeley, na kutoka pale tukapata FreeBSD na NetBSD mu 1993, kisha OpenBSD. Kuko Solaris ya kampuni Sun. Kuko macOS ya Apple. Na kuko Linux, yenye Linus Torvalds alianza kuandika 1991 akiwa mwanafunzi huko Helsinki. Hakuchukua kodi ya Unix hata kidogo, lakini aliijenga ifanye kazi sawa vile Unix. Mwenye anasema hajawahi kutumia Linux aangalie simu yake: kama ni Android, kiini cha ndani ni Linux.

Zote zinafanana tabia: zinafungua faili namna moja, zinaanzisha programu namna moja, na programu nyingi zinaweza kompailiwa ku kila moja. Njo maana kuzilinganisha kuna akili. Ni kama kulinganisha aina tano za maharagi. Hakuna mwenye analinganisha maharagi na ng'ombe.

Teste ya Stanford

Mu 1996, Kevin Lai na Mary Baker wa iniversite ya Stanford walitoa kazi moja yenye ninapenda sana. Walichukua sisteme tatu, Linux, FreeBSD na Solaris, wakazipima ku mashini moja yenye prosesa ya Pentium ya megahertz 100. Hawakurekebisha kitu: kila sisteme ilipimwa vile ilitoka mu karton. Ile pekee ni uamuzi, na waliusema waziwazi. Mukulima mwenye anapanda mbegu bila engre anajibu swali moja, na mwenye anaweka engre anajibu swali lingine.

Matokeo? Ku kazi ya faili ndogo-ndogo nyingi, Linux iliacha zingine mbali, karibu mara kumi. Ku mambo ya rezo, FreeBSD ilipitisha data mara mbili mpaka mara tatu kupita Linux. Solaris, mara nyingi, katikati. Na wao wenyewe wakamaliza kwa kusema hakuna moja yenye inashinda mu yote, na kwamba mutu achague kwa sababu zingine: urahisi wa kuweka, kodi yenye iko wazi, vitu kama vile.

Mutu mwenye anapenda Linux angeweza kukata ile ya kwanza tu na kuitembeza: mara kumi! Na hangekuwa amedanganya. Lakini tuulize ile mara kumi ilitoka wapi.

Kila faili mu diski iko na vitu viwili: maneno yenyewe ya ndani, na ile habari ya kuieleza, yaani jina lake, ukubwa wake, fasi yenye inalala. Hii ya pili ni kama rejista ya depo. FreeBSD ya wakati ule, kila mara ukiumba ao ukifuta faili, ilikuwa inaandika rejista mu diski palepale, inangojea mpaka diski iseme nimemaliza, kisha inaendelea. Linux, na mupango wake wa ext2, ilikuwa inaandika rejista mu memori kwanza, inakuambia tayari, kisha inapeleka mu diski ikipata nafasi. Bila shaka ya pili inaenda mbio. Haikungojea.

Sasa umeme ukatike katikati. Wote tunaoishi huku tunajua, umeme haupigi hodi. Kwa ile ya kwanza, rejista iko mu diski na inaeleweka. Kwa ile ya pili, sehemu ya rejista ilikuwa bado mu memori, na memori imezimika. Ukiwasha tena, sisteme inaanza kutafuta vipande, na mara zingine haivipati.

Wakulima wawili wanavuna kilo sawa. Mumoja anauza yote. Mwengine anaweka mbegu kando ya saison inayokuja. Ukipima makuta siku ya soko, wa kwanza ameshinda, na kipimo chako ni cha kweli kabisa. Ulipima siku ya soko tu.

(Ninaongeza kwa haki: ile hali haikubakia vile. FreeBSD ilipata namna ya kupanga maandishi ya rejista bila kungojea kila mara, na Linux ikapata ext3, yenye inaandika daftari la mabadiliko mbele ya kuyafanya. Mwenye anatumia namba za 1996 leo anaongea juu ya mbegu zenye hazipandwi tena.)

Shamba halilingani fasi zote

Mu 1919, Ronald Fisher aliingia ku kituo cha Rothamsted, Uingereza. Pale walikuwa na namba za mavuno za miaka mingi, lakini shida ilikuwa ileile yetu: fasi moja udongo ni muzuri, hatua kumi mbele ni changarawe. Ukipanda aina A huku chini kwenye maji yanashuka na aina B kule juu ku mulima, utakuwa umelinganisha mulima na bonde. Kutoka kazi yake tukapata vitu vyenye kila mwanafunzi wa agronomia anaapa navyo siku ya défense: bloku, kurudilia, na kupanga parseli kwa bahati nasibu.

Ukileta ile akili mu ordinatere, inaingia bila kusukuma.

Diski ya zamani, ile yenye kuzunguka, iko na mulima na bonde. Ukingo wa nje unabeba data nyingi kwa kila muzunguko kupita sehemu ya ndani, na mwanzo wa diski ni ule ukingo wa nje. Mutu akigawanya diski yake, akaweka Linux mwanzoni na FreeBSD mwishoni, kisha akapima kusoma faili kubwa, Linux itashinda. Abadilishe fasi, FreeBSD itashinda. Tofauti kati ya mwanzo na mwisho inaweza kukaribia nusu nzima ya mwendo. Ile ni kubwa kuliko tofauti nyingi zenye watu wanapigania.

Joto nalo ni bloku yake. Laptop yenye imelala usiku ni baridi. Teste ya kwanza inakimbia. Ya pili inaikuta imepata moto, prosesa inajipunguza yenyewe ili isiungue. Ukipima Linux zote asubuhi na FreeBSD zote saa sita, umepima saa. Changanya mupangilio, leo hii mbele, kesho ile mbele. Na kabla ya yote angalia kama zote mbili zinaruhusu prosesa kupanda mpaka mwisho, juu sisteme zingine zinakuja zimewekwa ku hali ya kuchunga batri.

Kisha kuko memori. Mara ya kwanza ukisoma faili inatoka mu diski. Mara ya pili sisteme iliishaichunga mu memori, na haigusi diski tena. Mutu mwenye alipima mara moja tu hajui alipima nini. Ndipo kurudilia kunaingia. Michael Larabel, mwenye alianzisha Phoronix mu 2004 na kutoa programu yake ya kupima, Phoronix Test Suite, mu 2008, aliiweka hivi: kila teste inarudiliwa mara kadhaa, na kama majibu yanatawanyika sana, programu yenyewe inaongeza mizunguko. Watu wanamulaumu kwa mengi, lakini hapo alifanya kazi yenye wengi hawafanyi.

Na kutawanyika ni jambo lenye linasahauliwa zaidi. Kama Linux inashinda kwa asilimia 2, na mizunguko ya Linux yenyewe inatofautiana kwa asilimia 5, mu tabelo zetu zile mbili tungezipa herufi moja, a na a, na profesa angekukatalia kuandika neno «inashinda». Mu grafike za ordinatere hakuna herufi. Kuko mistari miwili ya rangi, na jicho linaona murefu na mufupi.

Engre yenye haionekani

Kosa lenye linanikasirisha zaidi ni hili. Unalinganisha aina A na aina B, lakini mwenye kutunza A aliweka engre na wa B hakuweka. Mu ordinatere, engre ni kompaila, ile programu yenye inageuza kodi ya mutu kuwa kodi ya mashini. Programu moja, ikipitishwa mu kompaila mupya, inaweza kwenda mbio kupita ile yenye ilipitishwa mu kompaila ya zamani, hata kama kiini cha sisteme hakikubadilika.

FreeBSD ilibakia miaka mingi na GCC 4.2.1, kompaila ya 2007, juu GCC za kisha zilikuja na leseni yenye watu wa FreeBSD hawakutaka kuingiza mu sisteme yao. Kisha, na FreeBSD 10 mu 2014, wakapita ku Clang. Mu ile miaka yote, Linux ilikuwa inapanda GCC kila toleo. Basi grafike nyingi za wakati ule zenye ziliandikwa «FreeBSD kwa Linux» zilikuwa kwa sehemu kubwa «GCC ya zamani kwa GCC mupya». Kama kazi ni kufinya sauti ao kuhesabu hesabu kubwa, kiini cha sisteme kinafanya kidogo sana; kazi iko mu kodi yenye kompaila ilitoa.

Kulikuwa jaribio moja lenye lilikaribia usafi. Watu wa Debian walitengeneza Debian GNU/kFreeBSD: programu zote za Debian, maktaba zilezile, kompaila ileile, lakini chini wakaondoa kiini cha Linux na kuweka cha FreeBSD. Ilitoka na Debian 6.0 mu 2011 kama kitu cha kuonja. Kwa mutu wa agronomia ile ni ndoto: unabadilisha kitu kimoja, vingine vyote vinabakia. Phoronix waliipima. Hata hapo, upande wa diski haukuwa safi kabisa, juu kila kiini kilikuja na mupango wake wa kupanga faili. Lakini ilikuwa karibu.

Ushindani wenye ulizaa kitu

Musifikiri ninasema teste hazina kazi. Zikifanywa vizuri zinaonyesha kidonda kiko wapi.

Mu 2003, Mujeremani mumoja, Felix von Leitner, aliweka Linux, FreeBSD, NetBSD na OpenBSD ku laptop yake moja. Swali lake lilikuwa la akili. Hakuuliza nani anamaliza wa kwanza. Aliuliza hivi: kama kazi inaongezeka, kutoka vitu kumi mpaka elfu, bei ya kila kitu inabakia sawa, ao inapanda? Ni kama kupalia. Kupalia mustari mumoja kunaomba dakika kumi. Kama shamba likiwa na mistari elfu na kila mustari bado unaomba dakika kumi, uko muzuri. Kama kila mustari sasa unaomba nusu saa juu unapotea njia kila mara, kuko shida mu mupangilio wa shamba.

Linux 2.6, yenye ilikuwa mupya, ilitoka na mistari yenye imelala. FreeBSD ilifanya vizuri. NetBSD ilikuwa na mistari yenye inapanda kama Nyiragongo. OpenBSD ikabakia nyuma. Sasa sikieni: watu wa NetBSD waliangalia zile grafike, wakaona kwenye ilikuwa inapinda, wakarekebisha kodi mu majuma machache tu, na von Leitner akapima tena. Safari hii NetBSD ilikuwa kati ya wa mbele. Grafike yenye inasema «wewe ni wa nne» haimusaidii mutu. Yenye inasema «unapinda hapa, ukifika elfu mbili» inamupa fasi ya kuweka jembe.

Ya pili ni ya FreeBSD yenyewe. Zamani kiini chake kilikuwa na kufuli moja kubwa, na jina lake lilikuwa kweli Giant. Programu yenye ilitaka huduma ya kiini ilipaswa kushika lile kufuli. Kwa mashini yenye prosesa moja, hakuna shida. Kwa mashini ya prosesa nane, ni banki yenye iliajiri wafanyakazi nane lakini dirisha la kulipia ni moja: saba wamesimama na kalamu. Kulivunja lile kufuli vipande vidogo kuliomba miaka. Mu 2008, FreeBSD 7.0 ikatoka, na tangazo lake likasema hivi: kupita matoleo ya 6, nyongeza inafika asilimia 350 ku kazi ya kawaida na asilimia 1500 ku kazi nzito, na kupita Linux yenye ilifanya vizuri zaidi wakati ule, asilimia 15.

Zile namba zilitoka mu kazi moja ya pekee: databezi za MySQL na PostgreSQL, mashini ya prosesa nane. Na hazikuletwa na kiini peke yake. Ndani ya 7.0 kulikuwa pia mupango mupya wa kugawa memori, jemalloc ya Jason Evans. Sasa mutu akichukua «asilimia 15 kupita Linux», akakata ile ya databezi na ile ya prosesa nane, anabakia na maneno yenye hayana mwenyewe. Ni kama kusema «hii aina ya muhogo inazaa sana» bila kusema ilipandwa ku udongo gani, na kama mozaiki ilikuwa imefika ao hapana.

Mbio zenye mutu analipa kisha

Nirudie ku diski, juu hapo njo kuko hatari kwa watu kama sisi.

Programu yenye inachunga data zako, kwa mfano SQLite (iko mu kila simu ya Android), ikitaka hakikisho inaambia sisteme: hii iandike mu diski kabisa, kisha unijibu. Lakini diski yenyewe iko na kamemori kadogo ndani. Inaweza kujibu «ndiyo, nimeandika» na bado haijaandika. Ili kuwa na hakika, sisteme inapaswa kuamuru diski: mwaga yote kwanza. Ile amri inakula wakati.

Ext3 ya Linux, vile iliwekwa kwa kawaida, haikuwa inatoa ile amri. Ext4 ilipokuja, yenyewe ikaanza kuitoa. Ukipima SQLite, ext4 ikaanguka chini sana kupita ext3. Mutu mwenye anaangalia grafike peke yake anasema waliharibu, turudie ya zamani. Ukweli ni kwamba ile ya mupya ilikuwa imeanza kufanya kazi yenye ya zamani iliruka.

Ku macOS jambo linaendelea mpaka leo. Amri ya kawaida ya Unix ya kusema «andika kabisa», yaani fsync, ku macOS inafikisha data mu diski lakini hailazimishi diski kumwaga kamemori kake. Apple wameandika hivyo mu maelezo yao wenyewe, na wameweka amri ingine, F_FULLFSYNC, kwa mwenye anataka hakika. Kwa hiyo mwenye MacBook akishinda Linux ku teste ya databezi, umuulize programu yake ilitumia amri gani. Labda mashini yake ni ya nguvu kweli. Labda pia Linux ilingojea diski na yeye hakungojea.

Fikiria sasa enquête ya vijiji vinne, familia mia tatu, data za TFE yako ao za projet yenye inakulipa. Teste imeshinda kwa sekunde mbili. Umeme umekatika saa tisa. Data gani ziko ndani?

OpenBSD nayo iko mu hiyo hadisi. Inatoka nyuma mara nyingi, na wenyewe wanajua. Kisha Meltdown na Spectre kujulikana mwanzo wa 2018, yale makosa ya prosesa yenye yanaacha programu ipeleleze data za wengine, kila sisteme iliongeza vizuizi, na kila kizuizi kilikula mwendo. OpenBSD ikaenda mbali zaidi: katikati ya 2018 iliamua kuzima, kwa kawaida, ile namna ya Intel ya kufanya prosesa moja ijionyeshe kama mbili. Ukilinganisha sisteme yenye vizuizi vyote na ingine yenye mutu alizima vizuizi ili grafike ipande, umelinganisha nyumba yenye kufuli na nyumba bila mulango, kisha ukashangaa kwamba kuingia mu ya pili ni mbio.

Basi mutu achague nini?

Tangu mwezi wa 11 wa 2017, ordinatere zote 500 zenye nguvu zaidi duniani, zile za orodha ya TOP500, zinatumia Linux. Mutu atasema mambo yamekwisha. Lakini seva za Netflix zenye zinasukuma filme kwa watu zinatumia FreeBSD. Na WhatsApp, hii yenye tunaitumia wote kutumiana syllabus, mu 2012 ilitangaza kwamba seva yake moja ya FreeBSD ilishika maunganisho zaidi ya milioni mbili wakati moja. Hakuna ubishi kati ya hizo habari. Kuhesabu hali ya hewa na kushika simu milioni mbili zenye zimenyamaza ni mashamba mawili.

Kwa kazi zetu, ANOVA ku R, ramani ku QGIS, kuandika, tofauti kati ya Linux na FreeBSD mutu hataiona na jicho. Kama R yako inakawia ku hesabu za matriki kubwa, angalia kwanza maktaba ya hesabu yenye iko chini yake: kutoka ile ya kawaida kupita ku OpenBLAS kunaweza kuongeza mwendo mara kadhaa, na sisteme ni ileile. Kisha angalia diski. Laptop ya okazyo yenye diski ya kuzunguka, ukiiwekea SSD, itakupa kitu chenye hakuna kiini cha Unix kinaweza kukupa. Mimi ningechagua Linux kwa wengi wetu, na sababu yangu haina mbio ndani: ukikwama usiku, kuko mutu karibu mwenye anaijua.

Mwenye bado anataka kupima, apime kazi yake mwenyewe. Achana na ile ya kuandika zero nyingi na amri ya dd, ile watu wanapenda: data zinaingia mu memori na amri inakwambia tayari, na kama sisteme inatumia ZFS yenye inafinya data, zero bilioni moja hazichukui fasi, unapata mwendo wenye hakuna diski duniani iko nao. Chukua skripti yako ya R ya kweli na faili lako la kweli. Weka amri ya time mbele yake. Mashini moja, chaji imechomekwa, programu zingine zimefungwa. Zima na uwashe, pima mara tano, ingia mu sisteme ya pili, pima mara tano, kesho ugeuze mupangilio. Andika namba zote kumi, usiandike wastani peke yake. Ile yenye imeruka mbali na zingine njo itakufundisha kitu.

Na kama uko na mashini ya meza ya zamani, yenye haina kitu cha maana ndani, fanya teste moja ya ziada ku kila sisteme. Anzisha kuandika faili elfu ndogo-ndogo, na katikati uchomoe waya ya umeme. Washa. Hesabu ni faili ngapi ziko, na ngapi kati yake zinafunguka.